Maswali ya Wasomaji: Kuondoa Usuli na Athari za Upolarishaji katika Vipimo vya Mwanga na Eksirei

Safari hii tumeziweka pamoja barua zilizotoka Mwanza, Ukerewe na Geita, kwa sababu waandishi wake, kila mmoja kwa kifaa chake, wanauliza jambo lilelile: namba iliyotolewa na kifaa ina sehemu ambayo si ya kitu kinachopimwa, sasa iondolewe vipi, na kwa utaratibu gani? Kabla ya kujibu ni vyema tukubaliane juu ya maneno mawili. Usuli ni kile ambacho kifaa kingekisoma hata kama kitu tunachokitafuta hakipo. Hujumlishwa juu ya ishara, kama uzito wa ndoo unavyojumlishwa juu ya uzito wa dagaa. Upolarishaji ni jambo la aina nyingine. Mwanga, na eksirei pia, ni mawimbi yanayotetema kwa kukingama na njia yanayopita. Yanapoakisiwa au kutawanywa, mitetemo ya upande mmoja huweza kuzidi ya upande mwingine, na kwa sababu hiyo sehemu ya ishara hupungua au huongezeka kwa uwiano fulani. Usuli, basi, hutolewa, upolarishaji hugawanywa. Makosa mengi tunayoyaona katika ripoti yanatokana na kuvichanganya viwili hivi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea sayansi ya uvuvi na mafunzo yangu ya vitendo nayafanyia hapa Nyegezi. Tunachota maji ya Ghuba ya Mwanza, tunayachuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, tunailoweka karatasi hiyo kwenye asetoni ya asilimia 90 ili klorofili itoke, kisha tunasoma kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na sampuli katika kila urefu wa wimbi. Nimeelekezwa nisome pia kwenye nanomita 750 na niutoe usomaji huo kwenye mengine yote, ingawa blanki, yaani asetoni tupu isiyo na sampuli, nimeshaipima. Kwa nini nitoe mara mbili? Na ukungu ukiwa mwingi, je, kutoa huko kunatosha?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Ndugu mwanafunzi, hutoi kitu kimoja mara mbili. Blanki inaondoa kile kilichokuwepo kabla ya sampuli kuingia, yaani asetoni yenyewe na kuta za kikombe cha kupimia. Usomaji wa nanomita 750 unaondoa kile kilichokuja pamoja na sampuli, hasa vipande vya karatasi ya kioo na chembe za mwani ambazo hazikutulia chini. Klorofili haifyonzi mwanga wa kutosha kuonekana katika nanomita 750, kwa hiyo chochote kifaa kinachokisoma hapo ni mwanga uliotawanywa na chembe na kukikosa kihisi.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Unapotoa usomaji wa 750 kwenye usomaji wa 664, ambako klorofili hufyonza mwanga, unadhani kwamba chembe hutawanya mwanga kwa kiasi kilekile katika urefu wote wa mawimbi, na dhana hiyo ni kweli kwa chembe kubwa tu, tena kwa makadirio. Chembe ndogo sana kuliko urefu wa wimbi hutawanya kwa kanuni ya Rayleigh, ambayo utawanyaji huongezeka kinyume na kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Kutoka nanomita 750 kwenda 664 ongezeko hilo hufika mara 1.6 hivi. Chukua mfano wa usomaji wa 0.240 kwenye 664 na 0.040 kwenye 750. Kwa kutoa moja kwa moja unabaki na 0.200. Kama chembe zako zote ni ndogo mno, ulipaswa kutoa 0.065 na kubaki na 0.175, yaani moja ya nane ya jibu lako la kwanza si klorofili, nawe hujui. Lakini usomaji wa 750 ukiwa 0.004, tofauti kati ya dhana hizo mbili hubaki kama asilimia moja tu, na hakuna haja ya kubishana. Kwa hiyo ukungu ukiwa mwingi rudisha sampuli kwenye mashine ya kuzungusha, uizungushe tena hadi itulie, ndipo usome. Usuli mdogo hutolewa kwa usalama. Usuli mkubwa sharti kwanza upunguzwe kwa mkono.

Ukitia asidi ili kutenganisha klorofili na feofitini, ambayo ni klorofili iliyopoteza magnesi yake, soma 750 upya baada ya asidi, maana asidi yenyewe huweza kuleta ukungu mpya. Uwiano wa usomaji wa 664 kabla ya asidi kwa ule wa 665 baada yake huwa 1.70 kwa klorofili a safi na 1.0 kwa feofitini tupu; ukipata namba iliyo nje ya mipaka hiyo, shuku usuli wako kabla ya kuushuku mwani.

Kuna usuli mwingine ambao blanki haiuoni kabisa, nao ni mwanga mpotevu unaopenya ndani ya kifaa na kukifikia kihisi bila kufuata urefu wa wimbi uliouchagua. Sampuli yenye ufyonzaji wa 2 hupitisha asilimia 1 tu ya mwanga. Ikiwa asilimia 1 nyingine inafika kwa njia ya pembeni, kifaa kitasoma 1.7 badala ya 2. Kosa hili halitolewi kwenye ufyonzaji, kwa sababu ufyonzaji ni logi. Lazima litolewe kwenye kiasi cha mwanga chenyewe, kabla ya kugawanya na kabla ya kuchukua logi. Usipoweza kuzifikia namba hizo za ndani ya kifaa, punguza makali ya sampuli kwa asetoni hadi usomaji ushuke chini ya 1.

SWALI: Salamu nyingi kutoka Ukerewe. Mimi na wenzangu tunapima rangi ya maji ya ziwa kwa rediomita ya mkononi, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga kwa kila rangi, tukiwa kwenye boti, ili tulinganishe na picha za satelaiti. Mng'ao wa jua na wa anga juu ya maji unatusumbua sana. Mwenzetu mmoja ameshauri tufunge kichujio cha kupolarisha mbele ya rediomita, akidai kitaondoa mng'ao wote na hatutahitaji hesabu nyingine. Je, ni kweli?
Mtafiti, Nansio

JIBU: Ndugu mtafiti, mwenzenu ana sehemu ya ukweli, nayo inastahili kuelezwa vizuri kabla hatujaeleza kasoro yake. Uso wa maji hauakisi mitetemo yote sawasawa. Ukiutazama kwa pembe ya nyuzi 40 kutoka wima, maji tulivu huakisi takriban asilimia 4.3 ya mwanga unaotetema sambamba na uso wa maji, lakini asilimia 0.6 tu ya ule unaotetema katika mwelekeo wa pili. Ukiinamisha kifaa hadi nyuzi 53, huo wa pili hauakisiwi kabisa. Pembe hiyo inaitwa kwa jina la Mskoti David Brewster, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1815. Kichujio kilichosimamishwa wima kitauzuia mng'ao mwingi, hilo halina ubishi, na mtu anayetaka tu kuyaona mawe na samaki chini ya maji atanufaika nacho.

Ninyi, hata hivyo, mnataka namba ya kulinganisha na satelaiti, na hapo kichujio kinaleta madeni matatu. Kwanza, kinakata karibu nusu ya mwanga unaotoka ndani ya maji, ambao ndio mnaoutaka, na hakikati nusu kamili, kwa sababu mwanga huo nao umepolarishwa kidogo na chembe zilizoutawanya na kwa kupita kwenye uso wa maji. Pili, mng'ao unaobaki unategemea anga: anga la buluu limepolarishwa zaidi katika upande ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na wingu likipita upolarishaji huo hupungua ghafla, kwa hiyo kiasi kinachopenya kwenye kichujio hubadilika dakika hadi dakika. Tatu, mawimbi huinamisha uso wa maji huku na huku, na pembe mliyoichagua kwa uangalifu inakuwa wastani wa pembe nyingi.

Njia ninayoipendelea kwa kazi yenu ni ile iliyopendekezwa na mtafiti wa mwanga wa majini Curtis Mobley mwaka 1999, isiyotumia kichujio. Elekezeni rediomita kwenye maji kwa nyuzi 40 kutoka wima, mkiwa mmegeuka nyuzi 135 kutoka upande wa jua, someni maji, kisha mara moja someni anga kwa pembe ileile kwenda juu. Anga likiwa safi bila mawingu na upepo ukiwa chini ya mita 5 kwa sekunde, toeni 0.028 ya usomaji wa anga kwenye usomaji wa maji. Baada ya kutoa, gawanyeni kwa mwanga wote unaoshuka juu ya ziwa. Ile 0.028 ni ya rediomita isiyo na kichujio. Mkifunga kichujio na kuendelea kuitumia mtakuwa mmetoa mng'ao ambao kichujio kilishauzuia, na maji yenu yatasomeka meusi kuliko yalivyo.

Jambo moja la hapa kwetu halisisitizwi katika maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi za baridi. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, na kwa kuwa tuko magharibi ya mstari unaoongoza saa ya Afrika Mashariki, jua hufika juu kabisa karibu saa saba mchana. Kwa sehemu kubwa ya mwaka linakuwa karibu na utosi wakati huo, na kusema "nyuzi 135 kutoka upande wa jua" kunapoteza maana. Saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu asubuhi jua liko takriban nyuzi 50 hadi 35 kutoka utosini, upepo kutoka ziwani haujaanza kuchafua uso wa maji, na vipimo hutulia. Simameni mahali ambapo kivuli cha boti hakifiki kwenye sehemu mnayoipima.

Kifaa chenyewe nacho kinaweza kuupendelea mtetemo mmoja, kwa sababu sahani ya mistari midogo inayotenganisha rangi ndani yake hairudishi mitetemo yote kwa usawa. Kipimo chake ni rahisi na kinafanyika chumbani. Wekeni taa isiyoyumba, mbele yake kioo kilichokwaruzwa ili mwanga usiwe na mwelekeo, kisha kichujio cha kupolarisha, na mwisho rediomita. Zungusheni kichujio taratibu hadi kifike nusu mzunguko huku mkiandika usomaji. Chukueni tofauti ya usomaji wa juu kabisa na wa chini kabisa, mgawanye kwa jumla yake; jibu likikaribia sifuri kifaa hakina upendeleo, na likiwa kubwa andikeni kwa kila rangi, kwani huwa tofauti kati ya buluu na nyekundu. Hata data za MODIS, chombo kilichorushwa kwenye satelaiti ya Aqua mwaka 2002, husahihishwa kwa upendeleo wa aina hiyo kabla ya kutoa rangi ya maji.

Na mkikuta picha ya satelaiti inaonyesha namba hasi kwenye buluu juu ya Ghuba ya Mwanza, msidhani ni kosa la rediomita au boti yenu. Programu nyingi hukadiria mng'ao wa angahewa kwa kudhani kwamba maji ni meusi kabisa kwenye infraredi ya karibu. Bahari ya kina inakaribia hali hiyo. Ghuba iliyotandwa na mwani wa kijani inang'aa kwenye infraredi, programu inauchukulia mng'ao huo kuwa wa hewa, na inatoa usuli ambao haukuwepo.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi maabara na tunachunguza madini ya udongo mwekundu wa Geita kwa mtawanyo wa eksirei kwenye unga. Bomba letu la kutoa eksirei ni la shaba. Usuli uko juu kiasi kwamba vilele vidogo havionekani, na mwenzangu anasema kwanza tugawanye data yote kwa kigezo cha upolarishaji ili tuisafishe. Naomba ushauri.
Fundi maabara, Geita

JIBU: Ndugu fundi, usuli wenu una chanzo kinachojulikana. Eksirei za shaba zina nishati ya kiloelektronivolti 8.05, na chuma huanza kuzifyonza kwa nguvu kuanzia 7.11. Udongo mwekundu umejaa hematiti na goethiti, madini ya chuma. Kila atomi ya chuma inayofyonza inaweza kurudisha eksirei yake ya 6.40, na hizo hutoka pande zote na kuinua usuli kwenye pembe zote. Hesabu haiwezi kurudisha vilele vilivyozama humo. Tibuni chanzo: tumieni bomba la kobalti, ambalo eksirei zake za 6.93 haziwezi kuamsha chuma, au wekeni monokromata ya grafaiti, fuwele inayopitisha eksirei za nishati moja tu, baada ya sampuli, au, kama kihisi chenu kinaweza kutenganisha nishati, kikazeni kisipokee 6.40.

Kuhusu kugawanya kwanza, nakusihi usifanye hivyo. Eksirei za bomba zinapotawanywa kwa pembe, nguvu yake huzidishwa kwa nusu ya jumla ya moja na mraba wa kosaini ya pembe hiyo, na hicho ndicho kigezo cha upolarishaji. Kilele kikuu cha kwatzi, madini ya mchanga wa kawaida, kwenye nyuzi 26.6, kinabaki na 0.90, kilele chake cha karibu nyuzi 60 kinabaki na 0.63; na kwenye nyuzi 90 inabaki nusu. Lakini eksirei za chuma hazikutawanywa, zimezaliwa upya ndani ya sampuli, na kigezo hicho hakizihusu. Tuseme usuli wenu ni tambarare, hesabu 800 kila mahali. Ukigawanya kwanza, unakuwa karibu 890 kwenye nyuzi 26.6 na 1,600 kwenye nyuzi 90, na sasa mna mlima ambao udongo haukuutengeneza. Toeni usuli kwanza, gawanyeni vilele baadaye, au tumieni programu inayokokotoa vilele vikiwa na kigezo chake na kuongeza usuli pembeni.

Mkifunga monokromata ya grafaiti, kumbukeni kwamba nayo hupolarisha. Kwa eksirei za shaba kigezo cha nyuzi 60 hupanda kutoka 0.63 hadi 0.67, na cha nyuzi 90 kutoka 0.50 hadi 0.56. Kipande kilekile kilichoondoa usuli kimebadilisha upolarishaji, na ripoti isiyotaja kuwepo kwake haiwezi kurudiwa na maabara nyingine. Msipime pia kishikizi kitupu cha kioo na kukitoa chote: udongo mnene huzuia eksirei zisikifikie, na mtatoa nundu ambayo haikuwemo.

SWALI: Sisi ni wachimbaji wadogo. Tumekodi kifaa cha eksirei cha mkononi kupima mawe, na leo kinaonyesha dhahabu, kesho jiwe lilelile halina. Tumesikia kuna mashine zenye "eksirei zilizopolarishwa" zinazoona vizuri zaidi. Ni kweli?
Kikundi cha wachimbaji, Geita

JIBU: Ndugu zangu, ni kweli, na fizikia yake ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Charles Barkla, ambaye alipata tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1917, alionyesha kwamba eksirei iliyotawanywa kwa pembe ya mraba imepolarishwa, na haiwezi kutawanywa tena kuelekea upande wa mtetemo wake. Katika mashine mlizozisikia, bomba, kipande cha kutawanyia, sampuli na kihisi hupangwa kwa pembe za mraba tatu, ili eksirei za bomba zilizotawanywa mara mbili, kwanza na kipande hicho kisha na sampuli, zisikifikie kihisi. Eksirei zinazotolewa na dhahabu yenyewe hazina mwelekeo, kwa hiyo zinafika.

Manufaa yake yanaonekana kwenye hesabu. Mkipata hesabu 10,000 mahali pa dhahabu, na 9,000 kati ya hizo ni usuli uliopimwa kwa muda uleule, dhahabu ni 1,000, lakini shaka yake ni kipeuo cha pili cha 19,000 (jumla ya 10,000 na 9,000), karibu 138. Usuli ukishuka hadi 900, dhahabu ileile ya 1,000 ina shaka ya 53 tu. Kutoa usuli hakuondoi kuyumba kwake.

Gramu moja ya dhahabu kwa tani ya mawe ni sehemu moja katika milioni, kiasi ambacho kifaa cha mkononi hakikitofautishi na usuli. Kuna pia zinki, ambayo eksirei zake za aina moja zina kiloelektronivolti 9.57 na za dhahabu 9.71, karibu mno kwa kihisi cha aina hiyo kuvitenganisha, na jiwe lenye zinki nyingi linaweza kusomeka kuwa lina dhahabu. Kwa uamuzi wa kuchimba au kuacha, pelekeni sampuli zikapimwe kwa kuyeyushwa kwenye tanuri. Na kila mnapokitumia kifaa cha mkononi, pimeni kwanza mawe yaliyosagwa mnayojua hayana dhahabu, ya aina ileile na yenye chuma kilekile, kwenye mfuko uleule na kwa sekunde zilezile, mrudie mara kadhaa. Kama namba za mawe hayo zinafika mahali palipofikiwa na jiwe lenu, hamjapima dhahabu bado.